Nilivyomwigiza Mwenye Ploti Wetu

Nilianza kwa kuiba leso ya mwenye ploti wetu kwenye kamba ya nguo. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua linawaka, na yeye mwenyewe alikuwa hatua kumi tu kutoka hapo akimkaripia kuku wa jirani. Sikuihitaji sana. Leso ningeazima popote, Nairobi haijawahi kukosa leso. Lakini nilikuwa nimepewa nafasi ya kuwa mwanamke kwenye mchezo wa kuigiza, na nikajiambia mwigizaji wa ukweli hafanyi kazi na leso ya kuazima. Hiyo ndiyo akili niliyokuwa nayo wakati huo. Sisemi kwamba imeongezeka.

Ilikuwa ya zambarau, yenye michoro ya korosho za manjano, na pembe moja ilikuwa imechomwa na pasi ikabaki tundu la ukubwa wa kifuniko cha soda. Niliikunja nikaitia ndani ya shati, nikampitia nikimsalimia kama mtoto mwenye malezi.

"Sasa shosh."

"Salama," akajibu bila kugeuka. "Mwambie mamako achote maji, mfereji nafunga saa sita."

Huyo ndiye alikuwa mwenye ploti. Mfereji alifunga yeye, geti alifunga yeye, hata mazungumzo akiona yamezidi aliyafunga yeye. Ploti yenyewe iko Kawangware: vyumba kumi na viwili vya mabati, sita vinatazama sita, mfereji katikati, vyoo viwili mwisho kabisa. Shosh, yaani nyanya, kama sote tulivyomwita, alizaliwa hapo hapo, wakati pakiwa shamba la mahindi la wazazi wake. Mama yangu alikuja kutoka magharibi akiwa amenibeba mgongoni, akapata chumba cha tatu mkono wa kushoto, na baada ya miaka michache shosh akamruhusu aweke jiko na benchi nje ya geti auze chapati. Kwa hivyo mahali petu pa kulala na mahali petu pa kupata chakula vilikuwa mikononi mwa mtu mmoja. Akisema hameni, tunahama na jiko likiwa bado moto.

Mama alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Ndiyo maana, mbele ya shosh, alikuwa mpole kama maji ya mtungi. "Ndiyo mama." "Sawa mama." "Hakuna shida mama." Lakini akishafunga mlango wetu, wee. Mama yangu ndani ya nyumba ni mtu mwingine.

Ugomvi wake, ambao shosh hakuwa na habari nao, ulikuwa wa choo. Kila siku saa mbili usiku shosh alitia vyoo vyote viwili kufuli, akafunga funguo kwenye pindo la leso, akaenda kulala. Kuanzia hapo mpaka asubuhi kila nyumba ilijitegemea. Sisi tulijitegemea kwa ndoo nyuma ya pazia. Basi mama akikanda unga wa kesho alikuwa akisema, "Huyu anadhani matumbo yetu yanasoma saa." Ama, "Angekuwa Mungu, hata mvua angeifunga saa mbili." Siku nyingine alisema atampelekea shosh ile ndoo asubuhi, akiwa ameifunga utepe, amwambie ni zawadi. Mimi nilikuwa nacheka mpaka naumwa mbavu, na nilikuwa nayaweka hayo maneno kichwani kama mtu anayeweka akiba. Hesabu haikai kichwani mwangu, lakini maneno ya mama yanakaa.

Shule yangu iko upande wa Olympic, na ukishateremka kidogo kutoka Olympic umeingia Kibera. Huko ndiko nilikokuta kikundi cha michezo ya kuigiza. Wanafanya mazoezi Jumamosi ndani ya kanisa la mabati kule Kisumu Ndogo, kati ya akina mama wanaouza dagaa wa omena na baa ambayo muziki wake hauheshimu mahubiri. Kiongozi wetu siku za wiki huchomelea milango na madirisha ya chuma. Tulimwita kocha. Ana alama za cheche mikononi, na hucheka mara moja kwa mwezi.

Michezo yetu haina jukwaa. Tunapiga ngoma mahali penye watu, wanakusanyika duara, tunacheza hadithi fupi ya mambo yao wenyewe, na hadithi lazima iishe vibaya. Halafu tunaianza upya. Safari hii mtu yeyote kwenye umati akiona mahali ambapo yeye angefanya tofauti, anasema "Simama," anaingia duarani, anamgusa mwigizaji begani, anachukua nguo yake na anaendelea badala yake. Kocha alikuwa na sheria mbili tu. Ya kwanza, neno lililosemwa ndani ya duara ni la mtu wa mchezo, na hakuna anayeulizwa juu yake nje. Ya pili, hadithi isitoke kwa mtu anayeweza kutambuliwa na jirani zake.

Hiyo ya pili ndiyo niliyoikalia.

Kocha alikuwa ametuomba hadithi, nami nikasimama nikawachezea mwenye ploti na kufuli ya choo. Nilianza na kikohozi chake, kile kinachotangulia amri. Nikafuata na kutembea kwake, kifua mbele na mkono mmoja umeshika funguo kiunoni kana kwamba zitatoroka. Wenzangu walilala chini kwa kicheko. Kocha hakulala.

"Hii umetoa wapi?"

"Nimetunga tu, kocha."

"Huyu mama hayuko mahali?"

"Hayuko. Ni kipaji."

"Kipaji cha uongo," akasema msichana mmoja tuliyesoma naye darasa moja, ambaye mamake huuza omena hapo nje. Ndiye aliyepewa kuwa mpangaji, na ndiye niliyempa maneno yote ya mama yangu ayaseme: matumbo yanayosoma saa, mvua, ndoo ya utepe. Aliyasema vizuri sana. Aliibeba ndoo kwa mikono miwili akipiga hatua ndogo ndogo, uso ameugeuza pembeni, na mimi nikacheka pamoja na wengine bila kufikiri kwamba ndoo ile ina mwenyewe.

Tuliucheza mara ya kwanza Silanga, huko huko Kibera, karibu na bwawa, pale wanapouza makaa na mboga. Siwezi kujisifu, lakini mama mmoja anayeuza mboga za sukuma alicheka akakalia sukuma zake. Tulipoanza upya, mwanamume mmoja wa makaa aliingia mpaka katikati akatangaza kwamba yeye angevunja kufuli kwa jiwe. Kocha akamwambia, "Sawa, umevunja. Kesho ataweka kubwa zaidi. Halafu?" Yule mwanamume akafikiri, akasema atavunja na hiyo pia. Watu walifurahi. Mtu alinirekodi kwa simu. Wiki mbili nilitembea Kisumu Ndogo kama mbunge.

Nyumbani nako, shosh aliitafuta leso yake. Alisimama kwenye mfereji Jumapili, wapangaji wote wakiwa na mitungi yao, akakohoa, akasema, "Upepo wa hapa siku hizi umejifunza kukunja leso." Mama akasema, "Pole sana mama." Mimi nikasema pia. Nilisema pole kwa sauti nzuri kabisa.

Halafu Jumamosi moja kocha akaja mazoezini na habari. Kikundi cha kina mama wa kanisa fulani kilikuwa kimesikia kuhusu mchezo wetu wa choo, na wametualika. Wametupa uwanja mbele ya kanisa lao, na watatoa viti.

"Wapi?" nikauliza.

"Kawangware."

Alipotaja kanisa lenyewe nikalitambua. Lilikuwa hatua mia mbili kutoka getini kwetu. Na viti vya kikundi hicho cha kina mama nilivijua kimoja kimoja, kwa sababu huwekwa katika ploti yetu, na mwenyekiti wao ni shosh.

Ningemwambia kocha ukweli siku hiyo, mambo yangeisha hapo. Angenigombeza, tungechagua mchezo mwingine. Lakini ukishasema hadithi umeitunga, kusema hukuitunga ni kukubali mambo mawili kwa pamoja, na mimi hata moja lilikuwa linanishinda. Badala yake nilipata ugonjwa wa koo.

"Sauti imeenda, kocha," nikamnong'onezea siku mbili kabla.

"Haina shida. Watu wanachekea vile unatembea."

Nikajaribu upande wa mama. Nilimwambia kuna mchezo pale kanisani, lakini ni wa watoto wadogo, asipoteze wakati. Mama akageuza chapati, akaniangalia kwa jicho moja kwa sababu ya moshi.

"Watu watakuwa wengi?"

"Wachache tu."

"Wachache wenye njaa ni wengi," akasema. "Nitahamisha jiko huko."

Siku yenyewe niliona ploti yetu yote imekuja. Chumba cha kwanza mpaka cha kumi na mbili, na watoto wao, na kuku angekuja kama angekuwa na nafasi. Shosh alikuwa mbele kabisa kwenye kiti cha plastiki cheupe, miguu imenyooshwa, mkoba magotini. Mama alikuwa nyuma ya watu, jiko linatoa moshi, anauza. Nilitoa leso kwenye sanduku la nguo zetu nikaigeuza nje ndani ili rangi ififie. Rangi ilififia. Tundu la pasi halikufifia, kwa sababu tundu halina upande wa ndani.

Ngoma ikapigwa, kocha akawaeleza watu sheria yake ya kwanza, nikaingia.

Nilijaribu kumcheza mwenye ploti mwingine. Nilimfanya awe mwembamba, anayechechemea, mpole, anayeomba radhi kila akitia kufuli. Watu walinyamaza. Msichana wa omena akaninong'oneza akiwa ameinama na ndoo, "Unafanya nini wewe? Kohoa." Sikukohoa. Lakini mwili wangu ulikuwa umezoea, na nilipofika kwenye mlango wa choo na kushika funguo, kikohozi kilitoka chenyewe. Kikatoka kile kile.

Kicheko cha kwanza kilitoka upande wa chumba cha tisa. Kikazimwa haraka, kama mtu aliyefunikwa mdomo. Halafu msichana wa omena akaanza kusema maneno ya mama yangu, na sasa ilikuwa zamu yangu ya kuona watu wa ploti wakigeuza shingo, mmoja mmoja, kuangalia kule nyuma kwenye jiko. Wote waliijua lugha hiyo. Kuta zetu ni za mabati. Alipofika kwenye ndoo ya utepe sikuangalia nyuma. Nilitazama viatu vya shosh. Havikusonga.

Tulimaliza ile mara ya kwanza, mpangaji akiwa amefukuzwa, vitu vyake vimewekwa nje. Ndivyo nilivyokuwa nimeumalizia mchezo, kwa sababu lazima uishe vibaya. Nikiwa nimesimama pale na leso ya wizi kiunoni, niliona wazi kwamba nilikuwa nimemwonyesha shosh, hatua kwa hatua, mambo ya kufanya akitoka hapo.

Kocha akasimama katikati. "Sasa tunaanza upya. Mtu akiona angefanya tofauti, aseme simama."

Hata hatukuanza.

"Simama," akasema shosh.

Aliweka mkoba kwenye kiti, akaja polepole. Akamuuliza kocha, "Ninamgusa huyu?"

"Ndiyo, mama. Unamgusa bega, unachukua leso, unakuwa yeye."

Alinigusa bega kwa kidole kimoja. Akaifungua leso kiunoni mwangu mwenyewe, akaigeuza upande wake wa kweli, akaikung'uta. Akatia kidole kwenye lile tundu, akakichezesha mbele ya pua yangu. Watu wa ploti wakaangua kicheko, na kocha akanitazama mimi, akaitazama leso, akaelewa yote kwa mara moja. Sijawahi kuona mtu akielewa haraka hivyo.

"Toka duarani," akaniambia kwa sauti ya chini. Nikatoka, nikakaa chini kwenye vumbi.

Shosh alijifunga leso. "Basi mimi sasa ni huyu mama wa mchezo," akasema. "Huyu kijana amejaribu. Lakini kuna kitu amesahau. Huyu mama anaamka saa kumi na moja, kukiwa giza." Akachukua ufagio wa hewa, akachukua maji ya hewa. Akainama, na kuinama kwake hakukuwa kwa kuchekesha, kwa sababu aliweka mkono mgongoni kwanza. "Hapo zamani vyoo vilikuwa wazi usiku kucha. Watu wa baa ya hapo kando wakawa wanaingia. Hawalengi hata shimo. Huyu mama akaandika mtu wa kuosha, akaosha siku tatu akatoroka. Wa pili akatoroka siku ya kwanza. Kwa hivyo huyu mama anaosha mwenyewe, kabla mpangaji yeyote hajafungua mlango, ili watoto wakienda shule wapate choo safi. Halafu anasikia yeye ni mbaya." Akanyooka. "Nimemaliza. Anijibu mtu."

Sikuwa nimewahi kujiuliza nani anaosha vile vyoo. Hakuna aliyewahi. Tulidhani vinajisafisha vyenyewe kama paka.

Kocha akamgeukia msichana wa omena. "Mpangaji atasema nini?"

Msichana alinigeukia pale vumbini. Nilikuwa nimempa maneno ya kuchekesha tu, na hapo hapakuwa na mahali pa kuyaweka.

"Simama."

Niliijua sauti kabla sijageuka. Mama alikuwa anapita katikati ya watu, aproni imejaa unga, anafuta mikono. Kama ardhi ya Kawangware ingekuwa na mlango ningeingia. Nikaanza kupanga kichwani nani atabeba kitanda, nani atabeba jiko, na kama shangazi yangu wa Kibera angetupokea sisi wawili.

Alimgusa msichana begani, akapokea ndoo. Aliishika kwa mkono mmoja, wima, si vile alivyoigizwa.

"Mimi si mimi," mama akasema. "Mimi ni huyu mpangaji wa mchezo."

"Na mimi si mimi," shosh akasema. "Sema."

"Mama, mambo ya walevi huyu mpangaji hakuyajua. Hukuwahi kumwambia."

"Naye hakuwahi kuuliza."

"Angeuliza vipi? Kila akikuona, unamwambia ni saa ngapi utafunga nini."

Watu wakacheka. Shosh hakucheka, ila aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayekubali kwamba mpira umeingia.

"Huyu mpangaji," mama akaendelea, na sauti yake ikashuka mpaka waliokuwa nyuma wakasogea, "ana mtoto wa kiume. Alikuwa mdogo, sasa ana ndevu mbili. Nyumba ni moja. Pazia ni moja. Wewe ni mwanamke, mama. Huyu mpangaji, saa mbili ikifika, hanywi maji tena. Hata kukiwa na joto, hata akiwa mgonjwa, hanywi. Anangoja mtoto alale. Na kuna siku mtoto halali."

Hapo ndipo nilipoacha kufikiria kitanda. Nilikuwa nimelala kando ya lile pazia maisha yangu yote, na sikujua hivyo. Nilijua maneno yake ya kuchekesha tu. Hayo ndiyo nilikuwa nimeyaokota, haya mengine nikayaacha.

Shosh aliitazama ile ndoo mkononi mwa mama. Kocha alitaka kusema kitu, akajizuia.

"Hilo huyu mama hakulijua," shosh akasema.

"Najua."

"Sasa mpangaji anataka nini?"

"Ufunguo."

"Ampe nani? Nyumba ni kumi na mbili, na kila nyumba ina wageni na mabinamu. Kesho utakuwa na watu wa baa."

"Ampe huyu mpangaji. Yuko getini na chapati zake mpaka saa tatu, anaona kila anayeingia. Akiingia ndani, mwenye haja atamgongea. Na kuosha, kila nyumba iwe na siku yake. Huyu mama wa mchezo mgongo unamuuma, tumeona."

Shosh aligeukia viti na watu waliosimama. "Nyinyi wengine mmesikia?"

"Sisi hatuko kwenye mchezo, shosh," akasema baba wa chumba cha tisa.

"Mmeingia leo."

Kicheko kilipasuka kwa wote, hata kwa wale wasiotoka ploti yetu, hata kwa kocha, ingawa mwezi ulikuwa haujaisha. Na shosh, akiwa bado amekunja uso, akapeleka mkono kiunoni chini ya leso aliyonivua, kwenye leso yake nyingine aliyokuja amejifunga, akafungua pindo, akatoa ufunguo mmoja. Akauweka kwenye kiganja cha mama chenye unga.

Kocha akakaribia. "Mama, nauliza tu. Huo ni wa mchezo ama ni wa kweli?"

"Kufuli haijui mchezo," shosh akamjibu, akarudi kwenye kiti chake.

Baada ya ngoma ya kumaliza nilijificha nyuma ya kanisa. Furaha ya duarani ni furaha ya duarani. Niliogopa yale ya nje, wakati watu wameondoka na mtu amebaki na hasira zake za kawaida. Nilisikia kikohozi kabla sijaona mtu.

"Kuja hapa, mwenye ploti," shosh akasema.

Nikaja. Mama alikuwa amesimama kando yake, mikono imefungwa ndani ya aproni, na niliona anaogopa kama mimi.

"Mama, nisamehe kwa huyu mtoto," mama akaanza. "Yale maneno ya ndoo, mimi nili..."

"Ya mpangaji wa mchezo hayo," shosh akamkata. "Si kocha wao amesema? Tulimaliza kule." Akanigeukia. "Leso utaifua kwa mkono, na utaipiga pasi bila kuongeza tundu lingine. Halafu vyoo, wiki mbili za kwanza ni zako. Saa kumi na moja. Nitakuwa nimekaa hapo nikiangalia."

"Sawa shosh."

"Na kikohozi changu si hivyo." Akasimama wima, akakohoa. Kwa kweli kilikuwa tofauti, kilianzia chini zaidi. "Umesikia? Kinaanzia hapa." Akajigusa tumboni. Halafu akamwambia mama, akiwa ameshaanza kuondoka, "Kesho uniwekee chapati mbili, za moto, ukifungua tu."

Ukifungua tu. Nililirudia hilo neno moyoni. Maana yake kesho mama angefungua, pale pale, benchi lile lile. Ghafla nikasikia njaa ya siku tatu.

Kocha naye alinipata njiani. Hakupiga kelele. Alisema sitaigiza mwezi mzima, nitabeba ngoma, na siku nitakayotaka kumletea hadithi nyingine nije nayo pamoja na mwenye hadithi. Nikasema ndiyo. Msichana wa omena, aliyekuwa nyuma yake, akaniambia mama yangu anaigiza kunishinda, na kikundi kingefikiria kubadilishana.

Tulirudi ploti mimi na mama, mimi nikibeba jiko lililopoa, yeye akiwa na beseni tupu kichwani, chapati zimeisha zote. Nilimwangalia kwa pembeni nione kama kimya chake ni cha fimbo au cha kawaida, nikashindwa. Tukapita geti, tukapita mfereji, akafungua mlango wetu, akatua beseni. Alitoa ufunguo kwenye aproni, akautazama, akautundika kwenye msumari juu ya meza. Akajimiminia kikombe cha maji, akanywa chote, akajimiminia kingine.

Nikaona bora niseme mwenyewe. "Mathe, pole. Sikufaa kuchukua maneno yako."

Akamaliza kile kikombe cha pili, akapangusa mdomo.

"Ungeniuliza kwanza," akasema. "Yale makali zaidi huwa nayasema ukiwa shule."